Kule juu tutalalia nini? Namna ya kuchagua mfuko wa kulalia kwa safari za mlimani



Kila mwaka kiangazi kikikaribia, maswali yaleyale yanarudi. Finalisti wa jiolojia anataka mawe ya Nyiragongo. Wa biolojia anataka kuhesabu mimea ya Kahuzi. Wa mazingira anapelekwa kwenye nyanda za juu za Itombwe juu ya mémoire yake. Wote wanatayarisha GPS, wanachapisha fomu za maswali, wanatafuta barua ya ruhusa, wanachanga pesa ya chakula na ya gari. Halafu, siku moja kabla ya safari, mmoja ananipigia simu: "Yaya, kule juu tutalalia nini?"

Swali hilo lilistahili kuwa la kwanza, sio la mwisho. Mimi ni mwanajiolojia, na kwa miaka kumi sasa kazi inanipandisha milima ya Kivu na ya Ruwenzori, mara na watafiti, mara na wanafunzi. Leo nataka nieleze kwa utaratibu namna ya kuchagua mfuko wa kulalia, ule wenye maduka yanauita sac de couchage. Sifanyii duka lolote matangazo. Nataka tu muelewe namna kitu hiki kinavyofanya kazi, kusudi muuzaji asiwadanganye na mlima usiwashangaze.

Baridi ya kwetu inaua

Kuna watu wanaamini kwamba Afrika ya kati haiwezi kuua mtu kwa baridi. Tuangalie historia. Mwaka 1908, mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein, aliyekuwa katika msafara wa Mtemi Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alikuwa anachunguza volkano za Virunga. Kwenye mlima Karisimbi, wenye leo uko mpakani kati ya Kongo na Rwanda, tufani ya mvua ya mawe na theluji iliwakuta njiani. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Watu ishirini, karibu na ikweta, katika nchi yenye ndizi na maharagi. Jina la mwanajiolojia linajulikana mpaka leo. La mpagazi hata mmoja, mimi sijapata kulisoma popote.

Nawakumbusha habari hiyo sio kwa kuwatisha. Nawakumbusha kwa sababu inaonyesha mambo mawili: mlima wa kwetu unaweza kugeuka ndani ya saa moja, na baridi haichagui mwenye diplome. Inachagua mtu mwenye nguo mbichi, mwenye njaa, na mwenye hana kitu cha kujifunika.

Kwanza, piga hesabu ya digri

Kabla ya kuchagua mfuko, ujue unaenda kukutana na baridi gani. Hesabu iko rahisi. Kwa wastani, kila unapopanda mita 1000, hewa inapungua joto karibu digri 6 na nusu. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Tuseme usiku wa Goma ni digri 15.

Nyiragongo ina mita 3470. Umepanda karibu mita 2000 kutoka Goma, umepoteza digri 13. Unabaki na digri 2 hivi kwenye ukingo wa shimo, na upepo juu yake. Kahuzi ina mita 3308: hesabu inakupa digri 3 hivi. Karisimbi ina mita 4507: umepoteza karibu digri 20, uko chini ya sifuri. Ruwenzori, ukilala kwenye vibanda vya juu vilivyo kwenye mita 4000 na zaidi, usiku ni sifuri ao chini yake, na kilele cha Marguerite kwenye mita 5109 kina barafu ya mwaka mzima.

Ongeza jambo moja: usiku wa kiangazi, mbingu ikiwa wazi bila wingu, ardhi inapoteza joto lake haraka, na asubuhi utakuta majani yameganda. Basi hesabu yako uione kama wastani tu. Mimi natoa kila mara digri 5 zaidi. Mahali hesabu inasema 2, najitayarisha kwa -3.

Mfuko hauna moto ndani yake

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Wanafikiri mfuko "unatoa" joto, kama babula. Hapana. Jiko ni wewe mwenyewe. Mwili wa mtu aliyelala unatoa joto la karibu wati 80, sawa na ile ampuli ya zamani iliyokuwa inachoma vidole. Kazi ya mfuko ni kuzuia joto hilo lisikimbie.

Na chenye kinazuia joto si kitambaa, ni hewa iliyotulia ndani ya kitambaa. Manyoya ao nyuzi zilizo ndani ya mfuko zinashika vipande vidogovidogo vya hewa, hewa ile haitembei, na joto halipati njia. Ndiyo maana mfuko mzuri unavimba. Ukiulaza chini na kuutikisa, unainuka kama mkate kwenye tanuri. Mfuko uliolala bapa kama karatasi, hata ukiwa na uzito mkubwa, hauna hewa, na bila hewa hauna joto.

Kutoka kanuni hiyo moja, mambo yote mengine yanafuata. Maji yakiingia, yanafukuza hewa: mfuko umekufa. Ukiukandamiza, hewa inatoka: mfuko umekufa upande ule. Ukiwa mkubwa mno, wati zako 80 zinapaswa kupasha chumba kizima. Ukiwa mdogo mno, mabega na magoti yako yanausukuma kutoka ndani na kuua hewa. Na ukiingia ndani na njaa, jiko halina makala.

Namba tatu za kwenye karatasi

Mfuko wa kiwanda cha kweli una karatasi ndogo yenye digri. Ulaya walianza na kanuni moja inayoitwa EN 13537, na kuanzia mwaka 2016 nafasi yake ilichukuliwa na ISO 23537. Maabara inachukua sanamu ya mtu yenye kupashwa joto, inaivalisha nguo ndefu za ndani na soksi, inailaza ndani ya mfuko juu ya kigodoro, kwenye chumba cha baridi, na kupima joto linalopotea. Inapata namba tatu za kuzingatia:

Confort: digri ambazo mwanamke wa kawaida (kanuni inamhesabu kuwa na miaka 25 na kilo 60) analala amelegea, bila kusikia baridi.

Limite: digri ambazo mwanaume wa kawaida (miaka 25, kilo 70) anaweza kulala saa nane akiwa amejikunja, bila baridi kumwamsha.

Extrême: digri ambazo mwanamke yule anaweza kukaa saa sita bila kufa, lakini akiwa katika hatari ya kweli ya mwili kupoa kupita kiasi.

Soma tena ile ya tatu. Sio namba ya kulala, ni namba ya kutokufa. Na ndiyo wauzaji wengi wanaandika kwa herufi kubwa, kwa sababu inapendeza. Mfuko wenye Confort ya digri 0 unaweza kuwa na Extrême ya karibu -20. Kijana anaona "-20", anasema: "Nyiragongo haifiki hata -5, nimemaliza kazi." Anapanda, na usiku kucha meno yanagongana.

Basi kanuni yangu ni hii: angalia Confort tu, wewe mwanamke na wewe mwanaume. Wadada, namba ile ilipimwa kwa ajili yenu, msikubali kaka awaambie mujipime kwa Limite. Wandugu, ninyi pia musijidai. Limite inamhesabu mwanaume mwenye amekula, amekauka, hajachoka. Wewe utafika juu baada ya kupanda saa tano ao sita na mzigo mgongoni, umelowa jasho, umekula biskuti mbili.

Kwa Nyiragongo, Kahuzi na nyanda za juu, tafuta Confort kati ya 0 na -5. Kwa Karisimbi na vibanda vya juu vya Ruwenzori, tafuta Confort ya -10 hivi. Mfuko wenye joto zaidi ya hapo ni uzito wa bure. Na mfuko wenye namba moja tu, bila kusema ni namba ya nini, uuhesabu kuwa ni Extrême.

Manyoya ya bata ao poliesta?

Ukitafuta mashauri juu ya mifuko ya baridi, utakuta mengi yameandikwa na wawindaji wa Marekani, wale wanaopanda milima ya Rocky Mountains mwezi wa 10 na wa 11 kufuata elk, aina ya kulungu mkubwa sana. Wanajua baridi, hilo siwakatalii. Wanalala kwenye digri -10 ao chini zaidi, wanaamka usiku wa manane, wanakaa bila kutikisika saa nyingi wakingoja mnyama, na nyama wanaibeba mgongoni. Wengi wao watakuambia: nunua manyoya ya bata. Na kwao wana haki. Kwa uzito uleule, manyoya laini ya kifuani mwa bata yanashika hewa kuliko kitu kingine, yanakunjika kuwa kidogo, na yakitunzwa yanadumu miaka mingi. Baridi yao mara nyingi ni kavu: theluji inaanguka kama unga, unaipangusa na kuendelea.

Baridi yetu ni nyingine. Kwetu huku, kwanza, uwindaji ndani ya mbuga za Virunga na Kahuzi-Biega umekatazwa na sheria. Sisi tunaenda kuwinda mawe, majani na namba. Lakini tofauti kubwa ni maji. Ruwenzori inanyeshewa karibu mwaka mzima. Kwenye Nyiragongo unaingia ndani ya wingu, na wingu linaingia ndani ya hema. Ni digri 2, lakini kila kitu ni kibichi: viatu, mkoba, daftari, pumzi yako mwenyewe juu ya kitambaa cha hema. Na manyoya ya bata yakilowa yanashikana kama ugali, hewa yote inatoka, na kuyakausha juu ya mlima haiwezekani.

Nyuzi za poliesta ziko nzito zaidi na zinachukua nafasi kubwa kwenye mkoba. Lakini zikilowa hazilali kabisa. Zinabakiza sehemu ya joto, na ukizikamua zinakauka upesi. Tena bei yake iko chini. Kwa mwanafunzi mwenye anapanda mara moja ao mbili kwa mwaka, kwenye milima ya maji kama yetu, mimi nasema poliesta bila kusita. Mwenye kazi yake ni kupanda kila mwezi, na ana namna ya kulinda mfuko wake na maji, huyo anaweza kufikiria manyoya. Wengine wanauza manyoya yaliyotiwa dawa ya kukataa maji. Inasaidia kwa umande, haisaidii kwa mvua ya Ruwenzori.

Kwa vyovyote vile, mfuko wako usafiri ndani ya plastiki nzima isiyo na tundu, halafu ndani ya mkoba. Kile kifuko chake cha kiwanda hakizuii maji. Gunia la plastiki la franga chache linaokoa mfuko wa dola mia.

Umbo na vitu vidogo vyenye maana

Mifuko ya pembe nne, ile inayofunguka kama bulangeti, ni ya kulala nyumbani kwa wageni. Kwa mlima, chukua ile iliyo pana mabegani na nyembamba miguuni, yenye kofia. Kofia ile sio pambo: kichwa kikibaki nje, joto linatoka hapo usiku mzima. Inapaswa kuwa na kamba ya kuvuta, kusudi ibaki tundu la pua na mdomo tu.

Angalia ndani, kwenye shingo: je, kuna mtumbo wa manyoya ao nyuzi unaozunguka mabega? Huo unazuia hewa ya moto isitoke kila unapogeuka. Angalia nyuma ya zipu: je, kuna mtumbo mwingine unaoifunika kutoka juu mpaka chini? Zipu haina joto. Bila kifuniko utasikia kama kisu cha baridi ubavuni. Angalia mishono: kama uzi umepenya kutoka kitambaa cha nje mpaka cha ndani, kila mstari wa uzi ni mstari usio na hewa. Kwa digri 10 hakuna neno, kwa sifuri kuna neno.

Mwisho, ingia ndani. Usione haya mbele ya muuzaji. Jilaze, funga zipu, kunja magoti. Miguu isisukume mwisho wa mfuko, na mabega yasivute kitambaa.

Adui mwingine yuko chini yako

Jambo hili nimelirudilia kwa kila kundi, na bado kila mara kuna mtu anashangaa. Unapolala, uzito wako unakandamiza mfuko upande wa chini. Hewa imetoka, na joto lako linaingia moja kwa moja kwenye lava ao kwenye udongo mbichi. Unaweza kuwa na mfuko wa bei kali na ukatetemeka, kwa sababu chini yako hakuna kitu. Kumbuka kwamba hata namba za maabara zilipimwa sanamu ikiwa juu ya kigodoro.

Vigodoro vya safari vina namba yao, inayoitwa R. R ikipanda, joto linapita kwa shida zaidi. Kigodoro cha kawaida cha povu, kile kinachokunjwa kama mkeka, kina R ya karibu 2. Kwa usiku wa karibu na sifuri, tafuta R ya 3 ao 4. Na kuna habari njema kwa mwenye mfuko mwepesi wa pesa: namba hizo zinajumlishwa. Vigodoro viwili vya povu, kimoja juu ya kingine, ni R ya karibu 4, na havipasuki kama vile vya kupuliza. Ukikosa, tandika mkoba wako mtupu, kamba, majani makavu kama umekubaliwa kuyachukua, shitingi chini yake yote. Mwenye ana pesa kidogo tu, mimi namshauri aongeze kigodoro kabla ya kuongeza bei ya mfuko.

Kununua mitumba bila kuchekwa

Mifuko mizuri inafika sokoni ndani ya balo za mitumba, na mingine inaachwa na wageni waliomaliza misheni. Kuna ya kuokota na kuna ya kutupa. Fanya hivi.

Utoe kwenye kifuko chake, uutikise, uulaze, halafu ungoje dakika ishirini. Piga stori na muuzaji. Ukirudi, je, umevimba? Poliesta iliyokaa miaka imekandamizwa ndani ya balo inavunjika nyuzi na haivimbi tena, hakuna dawa. Uinue kwenye jua na utazame kupitia kitambaa: mahali mwanga unapita wazi, hapo nyuzi zimehama. Pitisha mkono: madonge ni manyoya yaliyooshwa vibaya. Nusa: harufu ya uvundo inamaanisha ulilala na maji. Fungua na ufunge zipu mara kumi.

Mfuko wenye joto kidogo usiutupe. Miwili mepesi, mmoja ndani ya mwingine, inaweza kufanya kazi ya mmoja mzito, mradi wa nje uwe mkubwa kusudi wa ndani usikandamizwe. Bulangeti la nyumbani linaongeza joto pia, likiwa juu yako. Fundi wa kata yenu anaweza kukushonea kifuko cha ndani cha kitambaa laini kizito, na hicho utakifua kwa urahisi kuliko kufua mfuko wote.

Ukirudi nyumbani, anika mfuko kwenye kivuli chenye hewa, halafu uuache umelegea ndani ya gunia kubwa ao utundikwe. Usiuweke miezi sita umekandamizwa kwenye kile kifuko kidogo. Huo ni mwanzo wa kuuharibu.

Saa moja kabla ya kulala

Mfuko mzuri na mtu asiyejua kuutumia, ni sawa na hapana mfuko.

Ukifika juu, toa nguo za jasho mara moja, hata kama bado unasikia joto. Uwe na nguo kavu za kulalia, soksi na kofia, ambazo haziguswi mchana. Usivae koti la mvua ndani ya mfuko. Unyevu wa mwili unabaki ndani na kukulowanisha.

Kula. Fufu, mchele, karanga, uji wenye sukari. Hiyo ndiyo makala ya jiko lako. Nenda msalani kabla ya kuingia, na ukisikia haja usiku, inuka. Kujibana hakuleti usingizi. Chemsha maji, jaza bidoni ndogo ya lita moja yenye kifuniko kigumu, ifunge kwenye soksi, uiweke kati ya mapaja ao kwenye miguu. Hicho ni kitu cha bure chenye kinashinda vingi vya duka.

Usipumulie ndani ya mfuko. Pumzi ni maji. Acha pua nje.

Na sasa mambo mawili yenye sina mzaha nayo. La kwanza: babula haiingii ndani ya hema wala ndani ya kibanda kilichofungwa. Makala yanatoa gazi isiyo na harufu wala rangi, inayolaza watu wasiamke. Wale wawindaji wa Marekani wenye mahema yenye jiko, majiko yao yana bomba la kutoa moshi nje. Babula yetu haina. La pili: kasiksi na kanyanga haziondoi baridi. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unasikia moto usoni, kumbe ndiyo joto la ndani linatoka nje. Mtu mlevi kwenye sifuri anapoa haraka kuliko wewe.

Muangaliane. Mtu anatetemeka bila kuacha, anaangusha vitu, maneno yanamkwama, anajibu vibaya: mwili wake unaelekea chini ya digri 35, na hapo ni ugonjwa, sio uvivu. Mvue nguo mbichi, mvalishe kavu, muingize kwenye mfuko na umuwekee kigodoro chini, mpe chai ya sukari kama yuko na fahamu na anaweza kumeza, msimuache peke yake. Kama kutetemeka kumekoma lakini hajapata joto, akili inapotea, hapo ni hatari kubwa kuliko mwanzo: mumshughulikie taratibu, mutafute msaada na namna ya kumshusha.

Hesabu watu wote

Narudi kwa wapagazi, kwa sababu hesabu ya mifuko ndiyo inaonyesha sisi ni wasomi wa namna gani. Nimeona msafara mmoja ambamo watafiti walikuwa na mifuko mizuri kabisa, na vijana waliobeba mifuko hiyo walilala wamejifunika shitingi na magunia, wameshikana kama vifaranga. Asubuhi mmoja hakuweza kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Na alikuwa na kilo 15 za kushusha. Mkubwa wa msafara alisema: "Wao wamezoea." Hakuna mwili uliozoea digri 2 ukiwa mbichi. Mpagazi ana wati 80 kama profesa.

Kwa hiyo, wandugu, mukiandika bajeti ya tereni, wekeni mstari mmoja wenye jina lake: mifuko ya kulalia na vigodoro. Upande wa hesabu, musiandike idadi ya watafiti. Andikeni idadi ya watu watakaolala juu: wanafunzi, msimamizi, mlinzi wa mbuga kama hana yake, mpishi, wapagazi. Kama pesa haitoshi kwa watu kumi, basi pandeni saba. Ao promosheni nzima ichange, inunue mifuko sita mizuri ya poliesta, iikabidhi kwa mtu mmoja mwenye daftari, na kila kundi linalopanda likodi kwa bei ndogo inayonunua mfuko wa saba. Miaka mitatu, wadogo zetu watakuwa na kumi na mbili.

Na kabla ya yote, muulize ICCN kama njia iko wazi. Usalama na volkano vinafunga milima yetu mara kwa mara, na hakuna mfuko wenye unalinda mtu na mambo hayo.

Mémoire nzuri inaandikwa na mtu aliyelala. Mutayarishe usiku wenu kama munavyotayarisha maswali yenu, na yule kijana anayebeba mzigo wenu naye alale.